Mmoja Ameondoka, Wasimamizi Wamenyamaza

Saa nne kasoro usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma darasa moja chuoni: "Jamani, miaka kumi hiyooo! Tunakutana lini?" Dakika ishirini hazijaisha, vidole gumba vimefika arobaini. Mmoja anatupia picha ya zamani, mwingine anadai pasi yake aliyoazimwa mwaka wa pili na haikurudi. Kufikia saa sita kuna tarehe ya kukisia, kamati ya watu watano na kiasi cha mchango. Asubuhi inapandishwa orodha yenye namba, jina moja kila mstari, tiki ya kijani mbele ya kila aliyelipa.

Saa tatu, mmoja anaondoka kundini.

Wengi hawajui. Tangu 2022 WhatsApp haimtangazi tena mtu anayetoka. Taarifa huwafikia wasimamizi peke yao. Mwanakundi wa kawaida akitaka kujua, itabidi afungue maelezo ya kundi na kutafuta walioondoka ndani ya siku 60. Nani ana muda huo? Basi kundi la watu 180 linaendelea kuchangamka, na wanaojua kwamba mwenzao hayupo ni watatu. Nao wananyamaza, kila mmoja akidhani mwingine atampigia.

Hicho ndicho kimenikaa kichwani wiki kadhaa. Aliyeondoka hakugombana na mtu wala hakulalamika. Alisoma orodha, akatoka.

Kidole gumba si kiti

Kosa la kwanza ni la hesabu, na hufanyika usiku uleule. Kamati inahesabu waliosema "nipo", inapata 96, inagawanya gharama kwa 96 na kutangaza mchango. Siku ya siku wanafika 48.

Tuweke tarakimu. Chukulia gharama zisizobadilika (ukumbi, vipaza sauti, mpiga picha, usafi) ni 600 kwa sarafu yoyote ile, na chakula na vinywaji ni 10 kwa kila kichwa. Ukigawanya kwa 96, kila mmoja anadaiwa 16.25. Wakilipa 48, kibubu kina 780. Matumizi halisi ni 600 na 480, jumla 1,080. Pengo la 300 linazibwa na wale watano wa kamati kutoka mifukoni mwao, kwa kuwa wanaona haya kurudi kundini kuomba tena. Ukishangaa baada ya miaka mitano kwa nini hakuna anayekubali kuingia kwenye kamati, tazama hapo.

Gawanya kwa nusu ya waliokubali. Kwa mfano wetu mchango unakuwa 22.50, na sasa ndiyo unaona ukubwa wa mambo mliyotaka kuyafanya. Ukiona umezidi, usianze kupunguza chakula. Punguza kile kisichobadilika. Bustani au ukumbi wa mihadhara siku ambayo hautumiki, spika moja ya kuazima, picha zipigwe na wenyewe: zile 600 zikishuka hadi 120, mchango wa watu 48 ni 12.50. Uko chini ya ule wa mwanzo, na unatosha hata nusu ya waliojiandikisha wasipotokea.

Arubuni ya ukumbi isilipwe kabla fedha zilizokusanywa tayari hazijatosha kuilipa. Kabla ya kuilipa uliza mambo mawili na upate majibu kwa maandishi: mwisho wa kubadilisha tarehe bila kuipoteza, na siku ambayo mpishi anataka idadi kamili ya watu. Mwisho wa kupokea michango uwekwe wiki moja kabla ya siku hiyo ya mpishi. Ukiuweka siku ileile, utakuwa unapokea fedha kwa simu moja na kubadilisha idadi kwa nyingine.

Tiki ya kijani

Orodha ya wachangiaji huwekwa kwa nia njema. Inahamasisha, wanasema. Ni kweli, inawahamasisha wenye nazo. Asiye nazo anaiona kama tangazo la hali yake mbele ya watu 179, miongoni mwao yule aliyekuwa akinakili majibu yake na leo jina lake liko namba moja, amelipa mara mbili ya kiwango.

Hoja ya upande wa pili naijua: bila orodha ya wazi watu hawalipi. Nusu yake ni kweli. Watu hawalipi wasipokumbushwa, na orodha ni njia ya uvivu ya kukumbusha. Kinachofanya kazi ni mweka hazina kumwandikia kila mtu peke yake mara tatu: michango inapofunguliwa, katikati ya muda, na siku tatu kabla ya kufungwa. Kundini inatajwa hesabu tu, "Tumefika 31, tunahitaji 48," bila jina la mtu.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Matumizi lazima yawe wazi kwa kila mwanakundi: risiti zipigwe picha, taarifa ya ukurasa mmoja itoke ndani ya siku saba baada ya shughuli, na fedha zikae mahali ambapo watu wawili wanaona zinavyoingia na kutoka. Wachangiaji ni habari nyingine. Nani katoa na katoa kiasi gani ni jambo la mtu na mweka hazina.

Fomu ya kujiandikisha iwe na majibu matatu, siyo mawili:

Nakuja, nalipa.

Nakuja, nitaongea na mweka hazina.

Siji safari hii, nibakizeni kwenye orodha.

La pili linamwokoa asiye na kitu bila kumlazimisha kujieleza; viti vichache vinakatwa kwenye bajeti tangu mwanzo, na mweka hazina peke yake ndiye anayejua vimekaliwa na nani. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Pasipo na mlango wa kusema "siji" kwa heshima, mlango unaobaki ni wa kutoka kabisa.

Orodha kwanza, ukumbi baadaye

Kamati nyingi huanza na ukumbi kwa sababu ukumbi unaonekana. Orodha ya majina haionekani, haina picha, na inachosha. Lakini ndiyo mali pekee itakayobaki baada ya sherehe.

Kundi la WhatsApp si orodha. Linahifadhi namba za simu, basi, na namba ni kitu kinachokufa. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni ya simu na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana siku moja unamtumia mwenzako salamu za moyoni na anajibu mgeni asiyekujua. Anwani ya barua pepe ya chuo nayo mara nyingi hufungwa baada ya kuhitimu. Barua pepe binafsi huishi kuliko vyote, hata kama mtu haifungui kila siku.

Kwa hiyo lahajedwali moja, nje ya WhatsApp, yenye safu hizi: jina alilotumia chuoni, jina la sasa, jina la utani, namba, barua pepe binafsi, nchi aliko, mtu wa darasani aliye karibu naye, na tarehe ambayo taarifa zilithibitishwa mara ya mwisho. Jina la utani msilidharau. Wapo watu ambao darasa zima halijui majina yao halisi. Safu ya mtu wa karibu ndiyo inayookoa orodha nzima, maana namba ikifa, njia ya kumfikia mtu bado ipo. Ongezeni na safu ya ruhusa: anakubali taarifa zake zionwe na nani, wasimamizi tu au darasa zima. Faili liwe na walinzi wawili. Akiwa mmoja, simu yake ikiibwa mnaanza upya.

Kutafuta watu kunataka miezi sita. Gawa majina kwa watafutaji, kumi au kumi na mawili kila mmoja, na mpe kila mtafutaji majina ya watu aliokaa nao bweni moja au kundi moja la mazoezi, siyo kwa alfabeti. Kila anayepatikana aulizwe swali moja: "Nani mwingine unaweza kumfikia leo?" Neno "leo" lina kazi yake. Ukiuliza "unawajua nani," utapewa majina unayoyajua tayari.

Ofisi ya wahitimu ya chuo kwa kawaida haitawapa anwani za watu, na ina haki. Lakini inaweza kuombwa iwatumie wao ujumbe wenu, na atakayetaka ajibu mwenyewe. Andikeni ujumbe mfupi, uliokamilika, wenye anwani ya kujibu, ili wasibaki na kazi ya kuutunga.

Tulianza pamoja

Chanzo cha kwanza cha majina huwa kijitabu cha mahafali. Ni chanzo kizuri na ni mtego.

Kijitabu kinataja waliohitimu siku ile. Hakimtaji aliyerudia mwaka, aliyeahirisha masomo kwa ugonjwa au ujauzito, aliyekosa ada akaondoka mwaka wa tatu, aliyehamia kozi nyingine. Hao ndio mliolala nao chumba kimoja, mkagawana kitabu kimoja cha hesabu. Mwaliko unaosema "wahitimu wa mwaka fulani" unawafuta kwa neno moja, na hawatauliza kama wamealikwa. Atauliza vipi?

Mimi ningeandika orodha kwa mwaka wa kuanza. "Tulioingia pamoja" inawabeba wote, wakiwemo waliohitimu baadaye. Wala hiyo haiondoi chochote kwa waliovaa joho.

Waliofariki wawe na safu yao, na mistari yao isifutwe. Taarifa ya kifo isipandishwe kundini kabla watu wawili wanaoifahamu familia hawajaithibitisha; hutokea mtu akaombolezwa mchana kutwa, jioni akajitokeza kuuliza kulikoni. Siku ya kukutana, majina yasomwe mapema, kabla ya chakula, na mtu aliyewajua. Kusomewa majina ya marehemu na mshereheshaji wa kukodi anayekwama kwenye matamshi ni bora kuacha.

"Uko wapi siku hizi?"

Swali hili halina ubaya likitoka kwa mtu mmoja. Likiulizwa mara arobaini katika jioni moja linakuwa usaili. Aliyepandishwa cheo analijibu kwa sekunde tatu. Aliyefunga biashara mwezi uliopita anatunga jibu akiwa njiani, na pengine ndiyo sababu akageuza gari.

Mengi yanaweza kutengenezwa na kamati bila kumhubiria mtu. Beji ya kifuani iwe na jina la chuoni kwa herufi kubwa, picha ya mwaka wa kwanza ikipatikana, na namba ya chumba alichokaa. Cheo na mwajiri visiwepo. Anayetaka kukisema cheo chake atakisema, msiwe na wasiwasi.

Ule utaratibu wa kila mtu kusimama na kujitambulisha uachwe. Watu 48 kwa dakika mbili mbili ni saa moja na dakika 36, na hakuna anayetumia dakika mbili.

Muziki ni jambo dogo linaloharibu jioni nyingi. Watu wamesafiri kuja kuzungumza, halafu mtu wa muziki anafanya kazi aliyolipwa kuifanya. Mwambieni kwa maandishi: saa mbili za kwanza sauti iwe ya chini kiasi kwamba watu walio pande mbili za meza wanasikizana bila kuinama. Meza ziwe za watu wanane; kwenye kumi na wawili unaongea na jirani zako wawili tu. Picha ya pamoja ipigwe ndani ya saa ya kwanza na nusu, maana wenye watoto na safari huondoka bila kuaga, na kabla ya kuipandisha popote ulizeni nani hataki kuonekana.

Wenza wa ndoa? Amueni mapema, na mwaliko useme bayana. Mchana wa familia au jioni ya wanadarasa peke yao, vyote viwili vina sababu. Kinachoshindikana ni mchanganyiko, ambapo mume wa mtu anakaa saa tano akisikiliza vichekesho kuhusu mhadhiri asiyemjua.

Kuna kamati zinazowalazimisha watu wachanganyike, kadi za rangi, michezo ya kubahatisha wenza. Sioni maana. Mtu ametoka kwake kuja kuwaona watu watano. Muacheni awaone.

Lakini je, kuna haja?

Nimelipinga wazo zima mara kadhaa kichwani. Aliye rafiki unampigia. Asiye rafiki, ya nini kumlipia ukumbi?

Jibu moja ni la zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti aliowafanyia watu waliobadilisha kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, walau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake ni nyepesi: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Wa mbali anaishi kwenye habari nyingine.

Mwaka 2011 watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walienda mbele zaidi. Waliwataka mameneja wawatafute watu waliopoteana nao, wawaombe ushauri wa kazi. Ushauri ule ulikuwa na thamani kubwa: una upya wa mtu wa mbali, na una imani ya mtu mliyejuana zamani. Uhusiano uliolala haujafa.

Jibu hili linanishawishi na kunikera kwa pamoja. Kikutano cha wahitimu kikishageuka soko la kazi, kila salamu inanusa ombi. Vyuo vyenyewe havijawahi kuwa na aibu juu ya hilo: jumuiya ya wahitimu ya Chuo cha Williams kule Massachusetts, ambayo ni kongwe kuliko zote Marekani, iliundwa mwaka 1821 wakati rais wa chuo alipoondoka na sehemu ya wanafunzi kwenda kuanzisha Chuo cha Amherst, na waliobaki wakahofia chuo kitafungwa. Wahitimu waliitwa kuokoa jahazi. Chuo kina sababu yake ya kuwatafuta. Darasa lisijifanye lina sababu hiyohiyo.

Kilichonigeuza si ajira. Ni tarakimu za mwanasaikolojia Robin Dunbar, aliyekadiria kwamba binadamu humudu uhusiano wa maana na watu wapatao 150, ndani yao wakiwemo kama 50, ndani ya hao 15, na katikati kabisa watu 5. Darasa la watu 180 peke yake limeshazidi. Hakuna kundi, hakuna sherehe itakayowafanya wote wawe marafiki, na kulidai hilo ndiko kunakowachosha wasimamizi. Kazi ya mkutano ni ndogo kuliko hiyo: kuhakikisha kwamba yeyote kati ya 180 anaweza kumfikia mwingine siku akihitaji, na asione haya kufanya hivyo.

Ukilipokea lengo hilo dogo, mengi yanaporomoka yenyewe: fulana zenye nembo, keki yenye picha ya jengo la utawala, hotuba ya mgeni rasmi.

Makundi mawili, na mtu mmojammoja

Kundi la WhatsApp siku hizi linabeba hadi watu 1,024. Kabla ya 2022 ukomo ulikuwa 256. Nafasi si tatizo. Tatizo ni kwamba ujumbe wa tarehe unamezwa na video 60 za vichekesho. Fungueni makundi mawili: la matangazo, ambako wasimamizi peke yao wanaandika, ujumbe mmoja kwa mwezi au pungufu, na la soga, ambako mtu huingia na kutoka apendavyo bila kupoteza taarifa yoyote. Mtu akitoka kwenye soga, hajaondoka darasani.

Tarehe zisiulizwe kwa swali la wazi. "Mnaonaje?" huzaa majibu 70 na uamuzi sifuri. Wekeni kura ya tarehe tatu, ifungwe baada ya siku tano, inayoongoza ichukuliwe.

Kati ya mkutano na mkutano, kinachoshikilia uzi ni ujumbe wa mtu kwa mtu. Wawili kwa mwezi wanatosha. Kwa mwaka ni 24. Salamu ya jumla iliyosambazwa kwa wote haihesabiki, na mpokeaji anaijua kwa harufu. Andika jambo moja mnalolikumbuka ninyi wawili, usiombe chochote, na mwondolee deni la kujibu. Ukidhani utamsumbua, kumbuka utafiti wa Peggy Liu na wenzake wa 2022: watu hukadiria kwa chini furaha ya yule anayetafutwa bila kutarajia. Na ukiwa wewe ndiye hujajibu miezi minane, jibu tu. Aya tatu za kuomba radhi zinamlazimisha mwenzako naye aandike aya tatu za kukusamehe.

Sasa yule wa saa tatu asubuhi. Msimamizi mmoja akubali kuwa ni wake, siku hiyohiyo, na awaambie wenzake wawili kwamba amemchukua ili asipokee simu tatu za kamati. Asimrudishe kundini kwa nguvu. Asimtumie kiungo. Asiulize kwa nini. Kwenye lahajedwali mstari wake ubaki ulivyo, tarehe ya leo iandikwe kwenye safu ya mwisho, na ujumbe uende bila tarehe ya sherehe na bila kiasi:

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu. Leo nimekumbuka ulivyotufundisha takwimu usiku wa kuamkia mtihani, watu sita kwenye kitanda kimoja na taa ikikatika. Ni salamu tu, wala usijisumbue kujibu. Namba yangu ni hii hii."